Mistari Myeupe ya Ndabibi

Mjukuu wangu Wanjiru,

Huku Kiamunyi tuko. Nyanya yako anakusalimu, goti lake limepoa kidogo. Mambo ya Januari, majirani kufukuzana na kuchomeana nyumba, uliyasikia, sitayarudia.

Umeniuliza mbona watu mnaowavalisha ile miwani ya kompyuta inayoonyesha picha za uongo wanakataa kukanyaga shimo wanalojua halipo. Nikiwa kijana nilichunga ng'ombe Ndabibi. Kwenye geti palikuwa na shimo lililofunikwa kwa vyuma vilivyoachana, kwato zisiweze kukanyaga, ili ng'ombe wasitoke. Baadaye shimo likafukiwa, mwenye shamba akachora mistari myeupe tu mahali pake. Siku ya kuwahamisha, ng'ombe waligoma hapo. Niliwachapa kwa hasira mpaka mchungaji mwenzangu, mzee Lemayian, akanishika mkono.

"Wacha, kijana. Wewe unaona rangi. Wao wanaona shimo."

Nilimcheka sana.

Sasa jirani yetu Kiprono aliondoka na watu wake Januari hiyo. Nyumba haipo, ua haupo, geti halipo. Ningeweza kukata moja kwa moja katikati ya kiwanja chake nikienda kisimani. Lakini kila asubuhi nafika pale geti lilipokuwa, nasimama na mtungi wangu, napiga hodi.

Halafu nangoja.

Guka wako