Maelezo ya Modest Mihayo, Aliyeripotiwa Kupotea

Kituo cha Polisi, Wilaya ya Uyui
Tarehe 23/5/2024, saa 4:10 asubuhi

Jina: Modest Mihayo. Umri: miaka 57. Kazi: mkulima wa tumbaku. Dini: Mkristo. Makazi: Goweko.

Mimi ndiye mtu ambaye kaka yangu, Tobias Mihayo, aliripoti kuwa amepotea, akimshuku mke wangu Flavia. Sikupotea wala sikutekwa. Niliondoka kwa hiari yangu.

Mwezi Machi mwaka huu niligundulika kuwa na uvimbe wa saratani kwenye ini. Niliambiwa sifai kupasuliwa kwa sababu ini lenyewe limechakaa. Kaka Tobias aliita kikao cha ukoo, akasema, "Tusimtese mdogo wangu. Apumzike nyumbani." Alisema kwa upendo, lakini mimi nilisikia ananiaga.

Mnamo tarehe 9/4/2024 mimi na Flavia tulipanda treni Goweko kwenda Dar es Salaam kutafuta tiba. Nilizima simu na kumwapisha Flavia asimwambie mtu, maana nilijua kaka akinisihi nitarudi.

Tarehe 16/4/2024, saa 3 asubuhi, hospitalini huko, daktari aitwaye Najiat aliniambia, "Mzee, hatukupasui. Tunapitisha sindano kwenye ngozi mpaka kwenye uvimbe, tunauunguza kwa joto." Nikachomwa dawa ya usingizi. Saa 8 mchana nilikuwa macho, naomba chai. Flavia alicheka, halafu akatoka nje kidogo.

Tarehe 28/4 Flavia alirudi kuchambua tumbaku. Mimi nilibaki kwa binamu yangu kusubiri kipimo.

Tarehe 18/5 Flavia aliitwa hapa kituoni. Alisema tu kwamba niko hai, hakusema nilipo. Alipotoka alinipigia kwa simu ya binamu: "Rudi useme mwenyewe. Ahadi nimeitunza, ila nimechoka."

Tarehe 20/5 nilipimwa. Uvimbe umekufa. Nirudi kila miezi mitatu, kwani mwingine unaweza kuota.

Leo mimi na Flavia tumemkuta Tobias hapo nje. Alinishika mabega, akauliza, "Wamekupasua wapi?" Nikafungua shati. Alitafuta kovu muda mrefu, mpaka nikamwonyesha kwa kidole alama ndogo kama ya mwiba. Akalia. Kisha akamwambia mke wangu, "Shemeji, nimekukosea."

Flavia akajibu, "Ulikuwa unamtafuta ndugu yako."

Simlalamikii mtu. Kosa la kutoaga ni langu. Naomba jalada lifungwe. Niliyoyasema ndiyo ninayoyajua, nimesomewa na nimeyakubali.

Sahihi: M. Mihayo

Nimeandika maelezo haya mimi, Koplo Awadhi, na kumsomea shahidi. Mlalamikaji, Tobias Mihayo, aliulizwa kama ana la kuongeza. Amesema safari ya kipimo ya Agosti atamsindikiza yeye.