Mtaro Uliotangulia Fomu

Jumanne jioni

Na bado sijatulia. Siku hizi tunaambiwa serikali haina fedha, kijiji kijitafutie mfadhili. Tumempata wa mabomba ya maji. Leo ndiyo nimeisoma fomu yake mpaka mwisho: hasaidii kazi iliyokwisha kuanza.

Nasi, kwa kiherehere chetu, tulishapika pombe ya kuitana kazini, tukachimba mtaro mzima wa mabomba!

Mwenyekiti wa kijiji anataka tuufukie kabla wakaguzi wa mfadhili hawajafika Ijumaa. Kikaoni Mama Chilewa, aliyechimba nasi, akanigeukia, "Yaani, katibu, tujifanye tulikaa tu tukiwasubiri?"

Fomu naijaza mimi, na maji tunayahitaji. Nimeandika "kazi haijaanza", huku kalamu ikinitonesha malengelenge ya sululu.