Barua Isiyofutika

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Kitindamimba wetu ameanza kutembea, na paka wa jirani hana amani tena.

Ule mfumo wangu wa barua pepe umeanza kutumika. Ili kumbukumbu za kazi zisipotee, kila barua itokayo ofisini inaingia yenyewe kwenye faili la wote, na hakuna awezaye kuifuta, hata mimi. Bosi aliuliza, "Na mtu akiteleza?" Nikamjibu kwa maringo, "Asiteleze."

Wiki hiyohiyo, kwa mazoea tu, nikamwandikia mke wangu kwa anwani ya kazini: "Dada akipiga simu, mwambie nyumba imejaa. Mama abanane nao hukohuko." Jana karani wa masjala aliinama mezani kwangu, akaninong'oneza kwa huruma, "Mama amepata pa kulala?" Dada, nilitamani ardhi inimeze. Ofisi nzima imesoma.

Ndiyo maana leo nimeshika kalamu. Yule mgeni tuliyekuambia analala chumba cha nyuma hayupo, wala hajawahi kuwapo. Mlete mama. Akiuliza imekuwaje, tafadhali mwambie mgeni ameondoka.

Ni mimi, mdogo wako