Kipimo cha Mwanvua hakikugeuka njano

Marselina, nimeharibu. Nimeharibu vibaya!

Unamkumbuka Mwanvua wa Tindiga, yule anayegaagaa kila akiingia mwezini? Leo hapa maabara nimepima mkojo wake, nione kiasi cha prostaglandini, ile kemikali inayoleta maumivu. Nilipotia dawa ya rangi, vipimo vya wanawake wengine vikawa njano, chake kikabaki cheupe. Nikampigia: dada, huna kitu.

Nikamsikia mumewe pembeni: "Umesikia? Hata kipimo kinasema unadeka! Inuka!"

Jamani, kipimo hiki kinakwenda kinyume! Njano ikikolea, kemikali ni kidogo. Kikibaki cheupe, imejaa. IMEJAA, Marselina! Na mimi nimemwambia hana kitu!

Nimepiga tena sasa hivi. Kapokea mume.

"Yuko shambani anapalilia mpunga. Si wewe uliyesema ni mzima?"