Marnix Ndiye Kocha wa Binti Yetu

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana silali na hapa mjini kwetu Oudenaarde sina wa kumwambia. Mume wangu Joris alikuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa, na mbio alikuwa nazo kweli, lakini nahodha wa timu yao, Marnix, alipomletea sindano ya dawa za kuongeza nguvu akakataa, na msimu ulipoisha timu ikamwacha na hakuna nyingine iliyomtaka, Marnix akabeba mataji na Joris akaishia kiwanda cha mazulia, na sasa, miaka yote hii imepita, wachunguzi wa dawa za michezoni wamempigia simu wanataka aeleze aliyoyaona, naye ananiambia, "Yamekwisha hayo, Hilde. Watanirudishia miguu yangu ya ujana?" na dada yangu Greet anasema, "Enzi zile nani hakujidunga? Mwacheni mtu wa watu," na kweli ni mtu wa watu, siku ya mbio za mji hununulia bia baa nzima, na mimi nilishaamua tunyamaze, mpaka Jumatano binti yetu Fien, wa miaka kumi na sita, ambaye Marnix ndiye kocha wake klabuni, akanikuta nakaanga viazi akasema, "Mama, kocha ana daktari wake anayewachoma sindano za vitamini wale watakaokwenda mashindano ya taifa. Ila usimwambie Baba, atanitoa klabuni," nami nikasema sawa, na tangu hapo namtazama mikono kila akipita, na nikimwambia Joris atakwenda kumvunja Marnix taya, na nikiwaambia wachunguzi mji utatutenga, watasema ni kijicho cha walioshindwa. Hivi kuna faida gani kufukua ya zamani?

Hilde

Hilde, pole. Hofu yako naielewa. Lakini umenijazia ukurasa kwa mambo ya zamani, mtoto ukamchomeka mwishoni. Mimi naanza naye.

Ulikosea kusema sawa. Leo Fien akitoka shule mwulize waziwazi kama ameshachomwa, na ajibu ndiyo, ajibu hapana, mpeleke kwa daktari wenu. Mazoezini haendi.

Kisha Joris. Mwambie akiwa ameketi, na funguo za gari ziwe mfukoni mwako. Taya la Marnix likivunjika, mwenye kesi atakuwa mumeo.

Unauliza faida. Marnix angekuwa amestaafu, anafuga njiwa zake, ningesita kukujibu, maana ni kweli Joris harudishiwi kitu. Lakini hafugi njiwa. Anafundisha watoto, na yuko pale kwa sababu walioona walinyamaza, nyinyi mkiwemo. Hilo la zamani liko wapi hapo?

Wapigieni wachunguzi pamoja. Joris aseme yake, wewe useme ya Jumatano. Greet atanuna, na baa mtaisikia inanyamaza mkiingia. Fien atakuchukia, tena si kwa siku mbili tatu. Usimbembeleze. Atakuchukia akiwa mzima wa afya.