Mapichi Katika Mtungi wa Mama

Jumatatu, 22 Novemba 1915
Uji wa Bwana, tena. Kuni mbichi, moshi mtupu, macho yanawasha. Mkate nimeoka kwa unga wa mtama, maana ngano haiji tangu meli zizuiwe pwani. Bwana Miwani, Mjerumani wetu wa stesheni ya reli, ameula bila neno. Zamani angeurusha ukutani. Vita vimemfunza kula.

Baadaye akaniita. Divai imekwisha stesheni nzima na Krismasi inakuja. Anataka nimtengenezee ya mapichi, yale ya makopo yaliyo chini ya kitanda chake. Makopo hayo ni ya jeshi. Yalishushwa kutoka kwenye behewa na hayakupandishwa tena. Nikifungua mdomo ni viboko, tena kwangu, si kwake.

Nikajikaza, nikamtaja Mika. Jumbe amemtoa mdogo wangu aende upagazi wa vita, na wanaondoka baada ya Krismasi. Waliotangulia kutoka hapa Miyuji hajarudi hata mmoja. Bwana akafuta miwani yake. Pipa dogo likijaa, akasema, Mika atabaki stesheni kupanga kuni. Likipungua, aende.

Nimechoka. Nimekubali.

Alhamisi, 25 Novemba
Bwana hataki harufu nyumbani kwake, maofisa wanapita kila siku. Basi kwangu. Nimebeba makopo kwenye kapu, juu nimefunika kwa mlenda mkavu. Mgongo unauma.

Fungua, ponda, mimina pamoja na maji yake matamu, ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa. Hamira hakuna. Kwa hiyo mtungi wa marehemu mama. Alipikia pombe humo maisha yake yote na ndani hakuuosha, kwa makusudi. Ule utandu ndio unaochachusha. Mke wangu Nyemo akanuna. Mtungi wa mkwe wake si wa kutilia vitu vya makopo, akasema. Nikamwambia ni kwa ajili ya Mika. Akausogeza mwenyewe kwenye pembe yenye joto, upande wanakolala ndama.

Mika sijamwambia. Namjua. Akisikia nambakiza yeye ili aende mtoto wa mwingine, atakwenda kwa jumbe kwa miguu yake. Anajua tu kuwa ni kitu cha Bwana.

Jumapili, 28 Novemba
Povu. Nimeweka sikio mtungini, unatokota bila moto. Nimefurahi, na sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Kisha nikatoka nje na harufu ikanifuata mpaka njiani. Pombe kabisa. Hilo sikulifikiria. Mpumbavu mimi.

Jumatano, 1 Desemba
Mama Mazoya, bibi kizee jirani yetu, amekuja na kibuyu chake. Kwetu pombe ikinukia hakuna anayealikwa. Unakuja, unakaa mlangoni, unasubiri kata yako, na hakuna wa kukufukuza.

"Mbukwenyi," akasalimu, akakaa.

Nyemo akamletea maji. Bibi akayatazama yale maji, hakuyanywa.

"Yona mwanangu, uwele umeutoa wapi?"

Mwaka huu hakuna mwenye nafaka ya kula, sembuse ya kupikia pombe. Watu wanachemsha mizizi. Anayepika pombe sasa ana akiba mahali, na anakula akiwa amefunga mlango. Nikasema si pombe. Akacheka, akasema macho yake yamezeeka lakini pua bado. Akaondoka na kibuyu kitupu. Heri angenitukana.

Jumamosi, 4 Desemba
Wamekuja kupekua. Majirani, watu niliotahiriwa nao. Wamepanda juu ya tembe, wamegonga kuta, wamefunua vilindo vyote vya nafaka. Vumbi tupu. Wakaona kibuyu cha mbegu cha Nyemo, konzi chache za uwele za kupanda mvua ikinyesha. Hawakukigusa. Lakini hawakuamini kwamba ndicho hicho tu.

Walipofika kwenye mtungi, Nyemo alisimama mbele yake. Hakuna mwanamume wa kumsukuma mke wa mtu. Wakatoka.

Mchana kisimani hawakumpa zamu. Amerudi na ndoo kavu, hakunitazama. Mwaka kama huu, jirani akikunyima maji amekwisha kukuzika. Naona haya, na nina hasira kwa sababu sikustahili haya. Ningeweza kusema neno moja tu, makopo, na kesho yake wangenilaza chini boma zima likitazama. Na Mika angekwenda vilevile.

Tuvumilie. Itulie, niichuje, iingie kwenye pipa, yaishe.

Jumapili, 5 Desemba
Nilikuwa kwa Bwana, namnyonyoa kuku wake. Nyemo alikwenda kuchota maji kisima cha mbali. Niliporudi, uwanja wangu umejaa watu. Mika amekaa katikati na mtungi, kata mkononi.

Aliwaita mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Amechoka kusikia kaka yake akiitwa mlafi. "Onjeni," alikuwa akisema. "Anayeuona uwele humo anionyeshe."

Wameonja wote. Mama Mazoya alitema kata ya kwanza, akaomba ya pili. Wamekoroga mpaka chini, wakatoa minofu ya manjano, wakaitafuna, wakaulizana ni mnyama gani huyo. Punje hata moja hawakuona. Wakacheka. Mmoja alinishika bega, akaniomba radhi kwa sauti. Kisha wakanipa kata yangu kama mwenye nyumba, nami nikanywa mapichi ya mdogo wangu mbele ya watu wote. Tamu, kali kidogo kwa nyuma. Ilikuwa imekuja vizuri.

Mika alinitazama akingoja nifurahi. Nikatabasamu. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kulia.

Kilichobaki kinajaza chupa moja.

Jumatatu, 6 Desemba
Nimempelekea Bwana chupa. Nimesema mtungi ulivuja. Akaonja, akafumba macho, akainywa yote akiwa amesimama. Nzuri sana, akasema. Kisha akauliza liko wapi pipa. Mapichi mengine hayapo, chini ya kitanda imebaki nyama ya makopo tu. Akasema neno lake ni lile lile. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Jioni nimemwambia Mika yote. Alichora chini kwa kijiti. Nilingoja anilaumu.

"Na Nyemo," akauliza, "leo kisimani wamempa maji?"

Wamempa. Tena walimtanguliza.

"Basi," akasema, akaenda kuwafungia ndama.

Jumamosi, 25 Desemba
Krismasi. Nimepika kwa Bwana, nimerudi. Mika ameimba kanisani kwa sauti kubwa kuliko wote. Mimi sikuweza.

Jumatatu, 27 Desemba
Wameondoka kwa njia ya Kondoa. Wengi, siwezi kuandika zaidi ya hapo. Mika amepewa sanduku la makopo kichwani. Akaniona, akaligonga kwa kidole, akacheka. Mjinga yule. Mpaka leo ananichekesha.

Mama Mazoya alikuja na kifurushi ndani ya kaniki, akamfungia Mika kiunoni bila kumtazama mtu. Harufu yake niliijua kabla hajakaza fundo. Unga wa uwele, mpya kutoka jiweni. Si konzi moja wala mbili.

Tulirudi naye Miyuji njia moja, polepole, miguu yake inamsumbua. Sikumuuliza ameutoa wapi.

Jumatatu, 3 Januari 1916
Mvua. Uji wa Bwana asubuhi, shamba jioni. Tumepanda mbegu za Nyemo zote. Mama Mazoya alikuja kufukia, ameinama kutwa nzima na sisi.

Nimelimia jembe la Mika, langu limevunjika mpini. Yeye hutumia mkono wa kushoto na mpini umelika upande wake. Umenitoa malengelenge. Nimelima hivyo hivyo.

Mtungi umerudi mahali pake pembeni. Nyemo amemwaga machicha, akaufunika kwa ungo. Ndani hakuuosha.