Lori la Watu Wawili

Mke wangu mdogo Aika,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Huku Kibosho mvua ipo, migomba imezaa, na mimi bado mzuri kuliko huyo kijana wako wa Mwanza.

Umeuliza kama lori langu la Bedifodi bado linawaka. Mlima mzima huu limebaki hilo moja, na dereva ni mimi mmoja. Ujanani liliwahi kunizimikia kwenye kilima cha sokoni. Linawashwa kwa hendeli: mmoja anazungusha kule mbele, mwingine yuko ndani anakanyaga mafuta. Wanaume wakabaki kunicheka. Msichana mmoja akatua mkungu wake wa ndizi, akapanda, akakanyaga. Lilipowaka nikamwambia, "Haya, shuka." Akasema, "Nishuke niende wapi? Nimeshapata kiti."

Huyo ndiye bibi yako.

Tangu tumzike, injini ni nzima kabisa, ila mguu wa kukanyaga mafuta ndio haupo. Majuzi nilizungusha hendeli, nikakimbilia ndani kukanyaga, likazima kabla sijafika. Majirani walidhani nafukuza kuku.

Krismasi kila mtu anarudi nyumbani kihambani. Na wewe uje. Lete mguu wa kulia tu, kusema nitasema mimi.

Babu yako